Silaha Mseto: Makali na Baruti katika Mkono Mmoja

Kwa muda wa karne nne na zaidi, mafundi wa silaha wa Ulaya, India na Marekani walijaribu mara kwa mara kuunda chombo kimoja chenye uwezo wa kukata na wa kufyatua, yaani silaha ambayo mwenye nayo angeweza kupiga risasi na kisha, bila kubadilisha kitu mkononi, kuendelea kupigana kwa makali au kwa ncha. Vyombo hivyo, ambavyo katika mhadhara huu vitaitwa silaha mseto, ni vya namna nyingi: upo upanga wenye kasiba ya bastola iliyopachikwa ubavuni, kipo kisu cha kukunja chenye kasiba mgongoni, lipo rungu lenye kasiba tatu ndani ya kichwa chake, na ipo ngao yenye bunduki fupi iliyochomoza katikati. Kwa kuwa zinavutia macho, silaha hizo zimezoeleka kuelezwa kama vituko vya makumbusho, na ni mara chache huhojiwa kama ushahidi wa historia.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba silaha mseto zilizaliwa na tatizo moja mahususi la kiufundi, nalo ni muda mtupu uliokuwapo baina ya risasi moja na nyingine, na kwamba hatima ya kila silaha ya jamii hiyo inaelezeka kwa maswali mawili. Swali la kwanza ni iwapo tatizo hilo lilikuwa bado lipo wakati silaha ilipoundwa; la pili ni iwapo muungano huo uliiachia kila sehemu umbo lake la kazi, au uliilazimisha kila moja ipungukiwe ili nyingine ipate nafasi.

Muda mtupu baina ya risasi mbili

Tatizo lenyewe haliwezi kueleweka pasipo kukumbuka namna bunduki za kale zilivyoshindiliwa. Gobori, yaani bunduki inayoshindiliwa kwa mbele, ambayo hadi leo inapatikana mikononi mwa baadhi ya wawindaji wa Afrika Mashariki, hutiwa baruti kupitia mdomo wa kasiba, kisha hufuata risasi pamoja na kitambaa au karatasi ya kuibana, halafu vyote hushindiliwa hadi chini kwa mdeki, ambao ni ufito wa mti au wa chuma unaochomekwa chini ya kasiba. Kazi haikuishia hapo, kwa sababu baruti iliyomo ndani ilibidi iwashwe kutoka nje kupitia tundu dogo. Katika bunduki ya mrao, utambi unaofukuta ulishushwa juu ya kisahani chenye baruti laini. Katika bunduki ya gumegume, iliyoenea kuanzia karne ya 17, jiwe gumu lililoshikwa na mtambo liligonga bamba la chuma na kurusha cheche ndani ya kisahani hicho. Na katika bunduki ya fataki, iliyoenea katika karne ya 19, mtambo uligonga kikopo kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka kwa kishindo cha pigo.

Askari wa miguu aliyezoezwa vizuri aliweza kupiga risasi tatu hivi kwa dakika akitumia bunduki ya gumegume, lakini hiyo ni hesabu ya mtu aliyesimama wima katika safu, mikono yake yote miwili ikiwa huru na wenzake wakimlinda ubavuni. Mpanda farasi mwenye hatamu mkononi, baharia anayerukia merikebu ya adui huku ameshika kamba, au mwindaji aliyekabiliwa na nguruwe mwitu aliyejeruhiwa, hakuna kati yao aliyekuwa na sekunde 20 za kupoteza. Isitoshe, hata ile risasi ya kwanza haikuwa na uhakika, kwani baruti ililoa, gumegume lilichakaa, tundu liliziba kwa masizi, na mara nyingine mtambo uligonga lakini bunduki isilie. Mtu aliyebeba bastola ya risasi moja alikuwa amebeba silaha ya pigo moja tu, na baada ya pigo hilo alilazimika ama kuitupa chini na kuchomoa upanga, ama kuigeuza na kuitumia kama rungu. Katika nafasi hiyo finyu, ya sekunde chache za kutupa na kuchomoa, ndipo wazo la kuunganisha kisu na bastola lilipochipuka.

Mtambo wa gurudumu na silaha za wakuu

Wazo hilo lisingetekelezeka kwa urahisi katika zama za mrao, kwa kuwa utambi unaowaka haukai vizuri juu ya upanga unaobebwa kiunoni. Kilichofungua njia ni uvumbuzi wa mtambo wa gurudumu mwanzoni mwa karne ya 16. Ndani ya mtambo huo mlikuwa na gurudumu la chuma lenye mikwaruzo ukingoni, lililounganishwa na springi. Mpigaji alilizungusha kwa ufunguo hadi springi ikakaza, na alipovuta kifyatulio gurudumu lilizunguka kwa kasi na kusugua kipande cha piriti, ambayo ni madini ya chuma na salfa yenye kutoa cheche, kama kinavyofanya kiberiti cha gesi kinapozungushwa kwa kidole gumba. Kwa mara ya kwanza silaha ndogo ya moto iliweza kubebwa ikiwa tayari kwa kupigwa, ikafichwa ndani ya joho au ikapachikwa juu ya kitu kingine. Watawala waliiona hatari ya jambo hilo mapema, na mwaka 1517 Kaisari Maximilian I alipiga marufuku katika nchi za milki yake bunduki za mkono zinazojiwasha zenyewe.

Inafaa kuzingatiwa kwamba mitambo ya gurudumu iliyo miongoni mwa ile ya kale zaidi iliyosalia duniani haimo katika bunduki za kawaida, bali imo katika silaha mseto. Katika jumba la Palazzo Ducale mjini Venice zimehifadhiwa silaha tatu ambazo kila moja ni upinde uliolazwa juu ya gogo la mti na kufyatuliwa kwa kifyatulio, na ambazo pembeni zimewekewa kasiba ndogo yenye mtambo wa gurudumu. Kuwapo kwake kunaonyesha kwamba mafundi hawakusubiri silaha mpya ikomae ndipo waichanganye na ya zamani. Waliichanganya tangu mwanzo, kwa sababu hawakuwa bado na imani nayo, na upinde ulikuwa dhamana iwapo moto ungekataa.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ni kisu cha kuwindia cha karne ya 16 kilichomo katika Metropolitan Museum of Art, New York, ambacho bapa lake lilinakshiwa kwa tindikali na Ambrosius Gemlich, fundi wa nakshi aliyefanya kazi Munich na Landshut. Juu ya bapa hilo pana imechorwa kalenda, na kwenye kisu hichohicho imefungwa bastola ya mtambo wa gurudumu, hivyo kwamba mwenye nacho alikuwa na tarehe, makali na risasi katika mkono mmoja. Chombo cha namna hii kinafumbua jambo ambalo maelezo ya kivita peke yake hayalifumbui: katika majumba ya wakuu wa Ujerumani, silaha mseto ilikuwa pia hoja ya kuonyesha kwamba mwenye nyumba anao uwezo wa kuwakusanya fundi wa saa, mfua visu, mhunzi wa kasiba na mchora nakshi katika agizo moja.

Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliupenda mtindo huo kupita wengi wa zama zake. Orodha ya mali yake iliyoandikwa baada ya kifo chake mwaka 1547 inataja marungu yenye bunduki tatu kichwani, na rungu mojawapo la jamii hiyo, linalojulikana kwa kawaida kama fimbo ya kutembelea ya mfalme huyo, limo hadi leo katika hazina ya Royal Armouries. Kichwa chake ni mti mzito uliozungushiwa miiba ya chuma, na ndani yake zimetobolewa kasiba tatu fupi. Orodha hiyohiyo inataja ngao 35 zenye bunduki, ambazo kila moja ilikuwa na kasiba fupi ya mrao katikati na kidirisha chenye wavu wa chuma juu yake kwa ajili ya kulenga. Mabaki ya ngao za aina hiyo yalipatikana pia katika merikebu ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Ngao 35 si idadi ya mchezo wa mfalme mmoja, na kupatikana kwake ndani ya merikebu ya vita kunadokeza kwamba zilitarajiwa kufanya kazi mahali ambapo watu hupigana kwa kubanana.

Nchini India nako, katika karne ya 18 na ya 19, katari ilifanyiwa majaribio kama hayo. Katari ni jambia lenye mpini wa vyuma viwili vilivyo sambamba na pau za kushika katikati, ambalo hupigwa kwa kusukuma ngumi mbele. Kwa kuwa ngumi ya mshikaji huelekea upande uleule wa ncha, ilikuwa rahisi kwa fundi kufunga bastola mbili ndogo, moja kila upande wa bapa, zikielekea mbele pamoja nalo. Nyingi ya zile zilizosalia zina dhahabu na nakshi nyingi kuliko alama za kutumika.

Ugomvi wa vyuma viwili

Sababu za silaha hizo kutoenea miongoni mwa askari wa kawaida hazipo katika gharama peke yake. Zipo pia katika chuma chenyewe. Bapa la kisu hutaka chuma cha pua kilichochomwa na kuzamishwa majini au katika mafuta ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa moto tena kwa kiasi ili kisivunjike; kasiba ya zama hizo, kinyume chake, ilihitaji chuma laini chenye kunyumbuka, ili msukumo wa gesi ya baruti usiipasue. Kuviunganisha viwili hivyo kwa moto kungeharibu ugumu wa makali, na kwa hiyo mafundi wengi waliviunganisha kwa skrubu na pini, ambazo hulegea kwa mtikisiko wa kila pigo na kila risasi.

Ugomvi wa pili ni wa mshiko. Mpini wa upanga au wa kisu cha vita hufuata kwa karibu mstari wa bapa, ili nguvu ya bega ifike kwenye ncha. Kitako cha bastola hupinda kuelekea chini, ili jicho liweze kuitazama kasiba huku kiganja kikipokea teke la risasi. Hakuna pembe inayozitosheleza kazi zote mbili. Anayeweka bastola juu ya mpini wa upanga hupata bastola isiyolengeka, na anayeweka kisu chini ya kasiba ya bastola hupata kisu kinachochoma kwa udhaifu, tena chenye uzito wote mbele ya kiganja.

Ugomvi wa tatu ni wa mwendo. Upanga huzungushwa, hugonganishwa na upanga mwingine na hupokea mapigo, ilhali mtambo wa gumegume au wa gurudumu ni kitu cha kutunzwa: kisahani chake kikipinduliwa baruti ya kuwashia humwagika, jiwe likitikiswa hutoka mahali pake, na springi ikipigwa huvunjika. Mtumiaji wa upanga wenye bastola alipaswa kwa hiyo kupiga risasi kwanza, kabla ya kuutumia upanga kwa lolote, na mara alipokwisha kupiga risasi alibaki na upanga uliobebeshwa mzigo usio na faida. Hata kuushindilia upya kulikuwa na hatari yake, kwa kuwa vidole vinavyoshika mdeki vilipita sambamba na makali.

Bastola ya Elgin na jeshi la wanamaji

Jaribio lililofika mbali zaidi kuliko yote katika ngazi ya serikali lilifanyika Marekani. Katika miaka ya 1830 kulikuwa na shauku kubwa nchini humo juu ya kisu kirefu cha mapigano kilichopewa jina la James Bowie, mtu aliyepata umaarufu kwa pigano la visu la mwaka 1827 na kuuawa Alamo, Texas, mwezi Machi 1836. Tarehe 5 Julai 1837, George Elgin alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, kwa ajili ya bastola ya fataki iliyounganishwa na kisu cha namna hiyo. Maelezo ya hataza hiyo yanataja waziwazi faida iliyokusudiwa: bastola ikishapigwa, kisu kinaingia kazini papo hapo bila kubadilisha wala kuchomoa, kwa sababu vyombo vyote viwili tayari vimo mkononi. Ni vigumu kupata maneno yanayolieleza kwa uwazi zaidi tatizo la muda mtupu.

Jeshi la wanamaji la Marekani, ambalo wakati huo lilikuwa likijiandaa kwa safari kubwa ya uchunguzi katika bahari za kusini chini ya Luteni Charles Wilkes, liliagiza bastola 150 za aina hiyo kutoka kwa C. B. Allen wa Springfield, Massachusetts, na mabapa yake yakafuliwa katika karakana ya N. P. Ames. Kasiba ilikuwa na urefu wa sentimita 13 hivi na kipenyo cha ndani kinachokaribia milimita 14, na chini yake lilifungwa bapa zito la takriban sentimita 29, lililotokeza mbele ya mdomo wa kasiba kwa zaidi ya nusu ya urefu wake. Utepe wa chuma ulishuka kutoka kwenye kifyatulio hadi chini ya kitako ili kuvilinda vidole, kama ilivyo katika panga za mabaharia. Kwa agizo hilo, bastola ya Elgin ikawa bastola ya kwanza ya fataki kupokewa rasmi na jeshi la Marekani, na silaha mseto ya pekee ya bastola na kisu iliyowahi kupata heshima hiyo nchini humo.

Msafara huo uliondoka Virginia mwezi Agosti 1838 na kurejea New York mwaka 1842, na bastola hizo zilikuwamo mikononi mwa watu wake katika visiwa vya Pasifiki. Tukio zito kuliko yote lilitokea Malolo, Fiji, mwezi Julai 1840, ambapo Luteni Joseph Underwood na Wilkes Henry, mpwa wa kiongozi wa msafara, waliuawa katika ugomvi na wenyeji uliotokana na biashara ya chakula na kuzuiliwa kwa mateka. Wilkes alilipiza kisasi kwa kuvishambulia na kuviteketeza vijiji vya kisiwa hicho, na makumi ya wakazi wake waliuawa. Hata hivyo, kilichoamua mambo siku hiyo kilikuwa bunduki ndefu na roketi zilizorushwa juu ya mapaa ya nyasi, nazo zilipigwa kutoka mbali. Silaha iliyobuniwa kwa ajili ya pambano la ana kwa ana ilijikuta katika mauaji yaliyotendwa, kwa sehemu kubwa, na watu wasioweza kufikiwa na rungu. Baada ya msafara huo jeshi la wanamaji halikuagiza nyingine.

Tarehe zenyewe zinafafanua kwa nini. Tarehe 25 Februari 1836, yaani miezi 16 tu kabla ya hataza ya Elgin, Samuel Colt alikuwa amepewa hataza ya Marekani kwa bastola yenye silinda inayozunguka, ambamo vyumba kadhaa vilivyokwisha kushindiliwa hupangwa nyuma ya kasiba moja na kuletwa mbele ya mtambo kimoja baada ya kingine. Colt na Elgin walikuwa wakijibu swali lilelile katika nchi ileile na katika kipindi kilekile. Elgin aliuchukulia muda mtupu kuwa jambo la kudumu na akatafuta kitu cha kuujaza, Colt aliufupisha. Bastola za mwanzo za Colt zilikuwa na kasoro nyingi, na kampuni yake ya kwanza ilianguka, lakini njia aliyoichagua ilikuwa na nafasi ya kuboreshwa mwaka hadi mwaka, ilhali njia ya Elgin ilikuwa imefika mwisho wake siku ya kwanza.

Singe, muungano uliofaulu

Ipo silaha mseto moja iliyofaulu kiasi kwamba watu husahau kuihesabu katika jamii hii, nayo ni singe, yaani kisu kinachofungwa mbele ya bunduki. Historia yake inathibitisha hoja zote mbili za mhadhara huu. Singe za mwanzo za karne ya 17 zilikuwa na mpini wa mti uliochomekwa ndani ya mdomo wa kasiba, jambo lililoigeuza bunduki kuwa mkuki lakini likaizuia kabisa kupiga risasi. Kasoro hiyo ilidhihirika tarehe 27 Julai 1689 huko Killiecrankie, Uskoti, ambapo askari wa Jenerali Hugh Mackay walipiga risasi zao na, kabla hawajawahi kuchomeka singe, wakafikiwa na kuvunjwa safu na wapiganaji wa milimani waliowateremkia mbio wakiwa na panga. Mackay mwenyewe baada ya hapo aliunga mkono kufungwa kwa singe nje ya kasiba, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 18 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakitumia singe yenye pete au bomba fupi linalovikwa nje ya mdomo wa bunduki, huku bapa lake likiwa limepindishwa pembeni ili lisimzuie mpigaji kushindilia.

Kwa badiliko hilo dogo, hitaji la kikosi tofauti cha wabeba mikuki mirefu, ambacho kazi yake ilikuwa kuwalinda wapiga bunduki wakati wakishindilia, lilitoweka. Singe ilifaulu mahali ambapo bastola ya Elgin ilishindwa kwa sababu bunduki ndefu tayari ina urefu na uzito wa mkuki, na kwa hiyo kuiongezea ncha hakuidai ibadilishe umbo. Tena singe huvuliwa, ikabaki kisu kamili ndani ya ala yake na bunduki kamili begani. Hata bunduki zinazopiga risasi kadhaa bila kushindiliwa upya zilipouondoa muda mtupu, singe haikufa, kwa kuwa ilikuwa na kazi nyingine za kufanya. Askari wa King's African Rifles na wale wa jeshi la Wajerumani waliopigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walibeba singe zao katika nchi ambamo kisu kina kazi kila saa ya kambi, na singe ya bunduki ya AKM ya Kisovieti, iliyotokea baada ya mwaka 1959, ina tundu katika bapa linaloshikamana na kijiti kilichomo kwenye ala yake ili viwili hivyo kwa pamoja vikate waya.

Kisu cha mfukoni na bastola ya magenge

Wakati majeshi yalipoachana na silaha mseto, soko la raia lilizichukua kwa sababu nyingine. Katikati ya karne ya 19, kampuni ya Unwin & Rodgers ya Sheffield, Uingereza, ilitengeneza visu vya kukunja vya mfukoni ambavyo mgongoni vilikuwa na kasiba ndogo ya fataki, na ndani ya mpini wake wa pembe vilichomekwa kikalibu cha kumiminia risasi na koleo ndogo. Kisu cha namna hiyo kiliuzwa kwa msafiri kama mlinzi wake, na thamani yake kubwa ilikuwa kwamba hakikuonekana kuwa silaha.

Mtindo huo ulifikia kilele chake kwa bastola iliyobuniwa na Louis Dolne wa Liège, Ubelgiji, katika miaka ya 1860, ambayo baadaye ilipewa jina la Apache kwa kuhusishwa na magenge ya wahuni wa Paris ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliyoitwa kwa jina hilo. Ilikuwa na silinda ya risasi sita ndogo za milimita 7, kitako kilichokuwa pia chuma cha kuvaa vidoleni kwa ajili ya kupiga ngumi, na kisu chembamba kilichokunjuka mbele. Vyote vilikunjwa vikaingia mfukoni. Gharama ya muungano huo wa vitu vitatu inaonekana mara chombo kinapochunguzwa. Hakina kasiba, na kwa hiyo risasi hutoka moja kwa moja kwenye silinda bila kupata kasi wala mwelekeo, kiasi cha kukosa maana nje ya hatua chache. Hakina utepe wa kukilinda kifyatulio, na kwa hiyo ilikuwa busara kwa mwenye nacho kuacha tupu chumba kilicho chini ya mtambo ili asijipige mwenyewe mfukoni. Kisu chake ni chepesi na huungwa kwa kiungo kimoja. Hapa silinda ya kuzunguka tayari imeondoa muda mtupu, na kilichobaki kinachouza silaha hiyo ni kufichika kwake.

Kufichika huko ndiko kulikoziingiza silaha mseto katika vitabu vya sheria. Nchini Marekani, kisu chenye uwezo wa kupiga risasi kinawekwa katika kundi la pekee chini ya Sheria ya Taifa ya Silaha za Moto ya mwaka 1934, kundi linalokusanya silaha zisizo bastola za kawaida wala bunduki za kawaida, na kinatakiwa kusajiliwa. Nchini Uingereza, silaha za moto zilizofanywa zifanane na kitu kingine zimo katika orodha ya zile zilizokatazwa. Katazo la Kaisari Maximilian na sheria hizi za karibuni zina hofu moja, nayo ni silaha ambayo anayekabiliana nayo hawezi kuitambua.

Mahandaki na ukimya

Vita vya mahandaki vya mwaka 1914 hadi 1918 viliufufua kwa muda mfupi mseto wa kijeshi, kwa kuwa ndani ya handaki jembamba bunduki ndefu yenye singe haigeuki. Mwaka 1916, Kapteni Arthur Pritchard wa Royal Berkshire Regiment alibuni singe ya kufungwa kwenye bastola ya Webley Mk VI, na kampuni ya W. W. Greener ya Birmingham ikaitengeneza kwa kutumia mabapa yaliyokatwa kutoka kwenye singe za bunduki ya Gras ya Ufaransa ya mwaka 1874. Zilitengenezwa chache, takriban 200, na jeshi la Uingereza halikuzipokea rasmi. Kapteni huyo alikuwa amejifunza somo la singe, kwani kisu chake kilivuliwa na kufungwa, lakini hakuweza kulikwepa somo la mshiko: kitako cha bastola hakifai kusukumia ncha.

Kisu cha makachero wa kijeshi wa Kisovieti kiitwacho NRS-2, kilichotengenezwa Tula na kuanza kutumika katika miaka ya 1980, kinasimama mbali na vyote vilivyotangulia. Ndani ya mpini wake imo kasiba fupi ya risasi moja, na mdomo wa kasiba hiyo uko mwishoni mwa mpini, upande ulio kinyume na ncha, hivyo kwamba mpigaji hulielekeza bapa kwake mwenyewe anapolenga. Risasi yake ya SP-4 ina pistoni ndani ya ganda. Baruti ikiwaka, pistoni huisukuma risasi nje na kisha kuziba shingo ya ganda, gesi ikabaki imefungiwa humo na mlio mkubwa usitokee. Waundaji wake hawakuuwazia muda mtupu, kwa kuwa risasi ni moja tu. Walichokitaka ni ukimya, na kwa sababu walikuwa na swali lao wenyewe, waliweza kuupanga muungano wao upya: kasiba ilipofichwa katika mpini na kugeuzwa nyuma, bapa lilibaki kisu halisi kisichobebeshwa kitu.

Namna ya kuzisoma silaha hizi

Mtafiti anayezikuta silaha mseto katika makumbusho anapaswa kwanza kujihadhari na wingi wake wa bandia. Silaha zilizosalia zimesalia kwa sehemu kubwa kwa sababu hazikutumika, ilhali maelfu ya visu na bastola za kawaida zilizochakaa kazini ziliyeyushwa au kutupwa. Na kwa kuwa wakusanyaji wa leo hulipa fedha nyingi kwa ajili ya vyombo adimu, zipo pia zilizounganishwa baadaye na walaghai kutoka vipande viwili halali. Kabati lililojaa mapanga yenye bastola halithibitishi kwamba uwanja wa vita ulikuwa na wapiganaji wengi waliozibeba.

Akishajihadhari hivyo, ataona kwamba vyombo hivi vina ushahidi ambao silaha zilizofaulu hazinao. Silaha iliyofaulu huficha tatizo lililoizaa, kwa kuwa imelimaliza. Iliyoshindwa hulibeba waziwazi, kama hataza ya Elgin inavyoeleza kwa kinywa chake mwenyewe kile alichokiogopa mtu wa mwaka 1837 mara bastola yake ilipokwisha kulia. Kwa sababu hiyo, mpangilio uliozoeleka wa makumbusho, unaozikusanya silaha mseto zote katika kabati moja la vioja pasipo kujali karne wala nchi, unazipokonya maana yake. Kisu chenye bastola kilichonakshiwa na Gemlich kinastahili kuwekwa kando ya bastola ya gurudumu na kisu cha kuwindia cha miaka ileile, na bastola ya Elgin kando ya bastola ya kwanza ya Colt, ili mtazamaji aweze kulinganisha majibu mawili yaliyotolewa kwa swali moja na kuamua mwenyewe kwa nini moja lilienea duniani na jingine likaishia katika agizo moja la jeshi la vipande 150.